Je, Ni Ile Ile? Ulinganifu wa Dawa za Ngozi na Deni la Wanakiswahili

Nyamasaria ni kituo kilichoko mashariki mwa jiji la Kisumu, kando ya barabara kuu inayoelekea Ahero na hatimaye Nairobi. Pana soko, pana mafundi wa jua kali, pana mto wa jina hilo hilo unaoteremka kuelekea Ghuba ya Winam, na kama ilivyo katika vituo vingi vya aina hii nchini Kenya, pana maduka ya dawa. Katika maduka ya namna hii kuna sentensi moja ya Kiswahili isemwayo mara nyingi bila kuchunguzwa na yeyote. Mnunuzi huja na karatasi ya daktari yenye jina la krimu fulani ya ngozi. Muuzaji huitafuta rafuni asiipate, au huipata lakini bei yake ikamshinda mnunuzi. Hapo huteremsha tyubu nyingine yenye jina tofauti na kusema: "Mama, hii ni ile ile, kampuni tu ndiyo tofauti." Naye mama, baada ya kumshukuru "daktari", hulipa na kwenda zake.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba sentensi hiyo, inapohusu dawa ya kupakwa kwenye ngozi, hubeba madai makubwa kuliko yale ambayo sayansi yenyewe huthubutu kuyatoa. Na kwamba muuzaji halaumiki, maadamu lugha anayoitumia haijapewa maneno ya kusema lililo la kweli zaidi. Kiswahili kimemwachia kauli mbili tu: *ni ile ile* na *ni bandia*. Baina ya kauli hizo mbili pana uwanja mpana usiolimwa. Deni hilo si la wafamasia. Ni la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Yafaa shaka moja iondolewe mapema. Dawa ya jenariki, yaani ile inayotengenezwa na kampuni nyingine baada ya hataza ya mtengenezaji wa kwanza kwisha au kuondolewa nguvu kisheria, si dawa duni kwa kuwa tu ni rahisi. Wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria wanalijua hilo kuliko wengi. Eneo la Nyanza ndilo lililoumizwa zaidi na UKIMWI nchini Kenya, na ni Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 iliyofungua mlango wa kuingizwa kwa jenariki za kupunguza makali ya virusi. Bila hizo, makaburi ya Nyanza yangekuwa mengi kuliko yalivyo.

Ni katika suala hilo hilo la UKIMWI ambapo nchi ilifundishwa kwamba istilahi ya dawa ni jambo la kufa na kupona. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi. Fasili ya bidhaa ghushi iliyotolewa na sheria hiyo ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzimeza jenariki halali. Watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi walikwenda mahakamani mwaka 2009, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu vilivyolalamikiwa vilihatarisha haki zao za uhai, utu na afya. Kesi nzima ilikuwa, kwa kweli, kesi ya maana ya neno. Ajabu ni kwamba ilisikizwa, ikabishaniwa na kuamuliwa kwa Kiingereza, na wanaleksikografia wa Kiswahili hawakuifanya kuwa kesi yao.

Sasa turufu ya mjadala ni hii: dawa mbili "zinapokuwa sawa", zinakuwa sawa katika nini? Wataalamu wa famasia hutofautisha angalau ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, dawa mbili zina kiambato tendaji kimoja, kwa kipimo kimoja, katika umbo moja la dawa. Katika ngazi ya pili, kiambato hicho hufika mahali pa kutendea kazi kwa kasi na kwa kiasi kisichotofautiana kwa namna ya kutia wasiwasi. Katika ngazi ya tatu, mgonjwa akibadilishiwa moja kwa nyingine hupata nafuu ile ile na madhara yale yale. Ngazi ya kwanza haithibitishi ya pili. Maabara inayopima kama krimu ina kiambato kwa kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na kazi hiyo ni muhimu mno, huwa imejibu swali la kwanza tu.

Kwa dawa za kumeza, ngazi ya pili hupimwa kwa njia inayoeleweka hata na asiye mwanasayansi. Watu wenye afya njema, aghalabu dazeni mbili hivi, humeza dawa ya mtengenezaji wa kwanza, na siku nyingine humeza jenariki. Damu yao hutolewa mara kwa mara kwa muda wa saa kadhaa. Wapimaji hutazama dawa ilipanda hadi kilele gani katika damu, na kwa jumla damu ilipokea kiasi gani. Uwiano wa dawa hizo mbili, pamoja na ukingo wake wa uhakika wa asilimia 90, ni sharti uangukie kati ya asilimia 80 na 125. Baadhi ya watu hudhani kwamba takwimu hizi zinamruhusu mtengenezaji kupunguza dawa hadi asilimia 80. Sivyo. Ukingo wote ndio unaotakiwa kukaa ndani ya mipaka hiyo, si wastani peke yake, na jenariki ambayo wastani wake unakaribia 80 haina budi kuanguka mtihani.

Kwa dawa ya ngozi, damu si shahidi. Krimu ya ukurutu au ya choa inakusudiwa kutenda kazi ndani ya ngozi yenyewe. Kiasi kinachofika katika damu ni kidogo mno, na kilichofika huko kimekwisha kupapita mahali kilipohitajika. Kuitegemea damu katika jambo hili ni kama kuhesabu abiria wanaoshuka Nairobi ili kujua ni wangapi walioshuka Ahero.

Tena ngozi ina mlango wake. Tabaka lake la juu kabisa limeundwa na seli zilizokufa, na katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni kiasi cha mikromita 10 hadi 20 tu. Tabaka hilo jembamba ndilo ukuta wenyewe. Dawa haiuvuki kwa sababu imo kwenye krimu. Huuvuka kwa kutegemea kile kilichoibeba: mafuta yaliyotumika, maji, viyeyushi, ukubwa wa chembe, uzito wa krimu, uchachu wake. Katika kidonge, unga unaokamatisha dawa kwa kawaida ni abiria tu. Katika krimu, kibebeo ni dereva.

Mfano mmoja unatosha kulithibitisha hili. Betamethasoni dipropioneti, steroidi itumikayo sana kwa ukurutu, hutengenezwa kwa kipimo cha asilimia 0.05. Marhamu ya kawaida ya kipimo hicho huwekwa na madaktari katika daraja la pili la ukali. Marhamu nyingine yenye kiambato hicho hicho, kwa asilimia 0.05 hiyo hiyo, lakini yenye kibebeo kilichoongezewa nguvu kwa propilini glaikoli, huwekwa katika daraja la kwanza, pamoja na steroidi kali kuliko zote. Lebo mbili, kiambato kimoja, nambari moja, nguvu mbalimbali. Anayesoma lebo kwa uaminifu kabisa na kusema "ni ile ile" atakuwa amesema uongo bila kujua. Iwapo mgonjwa ni mtoto mchanga na mahali pa kupakwa ni usoni, uongo huo wa bahati mbaya waweza kuishia katika ngozi iliyokonda na kufanya mistari. Iwapo kosa limeelekea upande wa pili, yaani dawa iliyotolewa ni dhaifu, mzazi ataona ukurutu haukomi, ataongeza kipimo, au atatafuta kitu kikali zaidi katika maduka ya vipodozi, ambako steroidi kali kama klobetasoli huuzwa katika krimu za kujichubua.

Wanasayansi wamehangaika na tatizo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walieleza kipimo kilichotokana na jambo dogo lililoonekana na macho: steroidi ikipakwa, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hujikunja, na mahali pale hupoteza wekundu kwa saa kadhaa. Kadiri dawa inavyopenya, ndivyo wekundu unavyozidi kupotea. Kwa kipimo hicho hicho, Stoughton alionyesha mwaka 1987 kwamba baadhi ya jenariki za steroidi zilizokuwa zikiuzwa Marekani hazikulingana kwa nguvu na dawa zilizotangulia. Mwaka 1995 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa mwongozo uliokifanya kipimo hicho kuwa njia ya kuthibitisha jenariki za steroidi za kupakwa.

Hapa lugha na sayansi hugongana kwa namna ambayo msomaji wa Kiswahili hana budi kuitazama kwa makini. Kipimo hicho kitaitwaje? Neno la haraka ni *kupauka*. Lakini katika Kiswahili ngozi iliyopauka ni ngozi kavu, isiyopakwa mafuta, yenye kufanya vumbi jeupe. Mama yeyote wa Kisumu humpaka mwanawe mafuta asubuhi ili asiende shuleni amepauka. Neno hilo litapotosha. Lililo bora, kwa maoni ya makala haya, ni *kupwa*: damu hupwa chini ya ngozi kama maji ya bahari yanavyopwa, kisha hujaa tena. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana, na yawezekana mwanafunzi wa Nyamasaria alilikuta neno hilo kitabuni kabla ya kuiona bahari. Hata hivyo linaeleza jambo lenyewe, wala halina maana nyingine ya kulivuruga.

Ila tatizo kubwa zaidi haliko katika neno. Kupwa kwa damu huonekana kwa urahisi katika ngozi nyeupe, na ni vigumu kukuona, kwa jicho au kwa chombo cha kupimia rangi, katika ngozi nyeusi. Kwa hiyo wanaojitolea kwa majaribio haya huchaguliwa mara nyingi miongoni mwa watu wenye ngozi isiyokoza, na wale tu ambao ngozi zao huonyesha kupwa huko ndio wanaohesabiwa. Maana yake ni kwamba ushahidi wa ulinganifu wa krimu inayouzwa Nyamasaria unaweza kuwa umeandikwa katika ngozi isiyofanana na ya yeyote anayeinunua. Haki inadai iongezwe kwamba jaribio hili hulinganisha dawa mbili katika ngozi ya mtu yule yule, na dawa zinazolingana katika ngozi moja zina kila sababu ya kulingana katika nyingine. Pengine ndivyo ilivyo. Lakini "pengine" ni neno lenye heshima yake katika sayansi, na ndilo neno linalokosekana katika "ni ile ile".

Steroidi angalau zina kupwa kwa damu. Dawa za fangasi, za upele na za chunusi hazina hata hilo. Kwa muda mrefu njia iliyobaki ilikuwa kuwakusanya wagonjwa mamia kwa mamia, kundi moja lipakwe dawa ya kwanza, jingine jenariki, na la tatu kibebeo kitupu, kisha ihesabiwe ni wangapi waliopona. Njia hiyo ina gharama kubwa, na isitoshe haina macho makali. Tofauti ndogo kati ya dawa mbili huzama katika tofauti kubwa zilizoko baina ya wagonjwa. Matokeo yake ni kwamba kampuni nyingi huogopa kutengeneza jenariki za ngozi, na bei ya dawa ya kwanza hubaki juu. Anayelipa gharama ya ugumu huo wa kisayansi, mwishoni mwa mnyororo, ni yule mama.

Njia nyingine zilijaribiwa. Ipo ya kubandika utepe wa gundi kwenye ngozi na kuubandua mara nyingi, kila utepe ukiondoka na safu ya seli, ili dawa iliyomo ipimwe. Mamlaka ya Marekani iliipendekeza katika rasimu ya mwaka 1998, ikaifuta mwaka 2002 baada ya maabara mbili zilizopima jeli za tretinoini kutoa majibu yaliyopingana. Ipo ya chombo cha vyumba viwili kilichopewa jina la Franz: krimu huwekwa juu ya utando, kisha hupimwa ni kwa kasi gani dawa hutoka na kuingia katika maji yaliyo chini, au badala ya utando hutumiwa ngozi ya binadamu iliyobaki baada ya upasuaji. Mwaka 2017 watafiti wa Graz, Austria, walichapisha jaribio walilowafanyia watu 20 kwa krimu za asikloviri, wakitumia mirija myembamba mno iliyopitishwa ndani ya ngozi yenyewe. Dawa ya kwanza ilipolinganishwa na nafsi yake ilifaulu. Ilipolinganishwa na krimu nyingine yenye kiambato hicho hicho, ulinganifu haukuthibitika. Mnamo Oktoba 2022 Mamlaka ya Marekani ilitoa rasimu za miongozo ya vipimo vya maabara vinavyoweza kupunguza haja ya kukusanya wagonjwa mamia. Mwelekeo huo ni wa kheri kwa nchi zenye fedha chache, kwa kuwa chombo cha Franz ni kitu ambacho maabara ya chuo kikuu inaweza kumudu.

Hayo yote, je, yasemwe vipi kwa Kiswahili?

Kuna wanaoona kwamba itoshe kutohoa: *bayoekwivalensi*, basi. Utohoaji si dhambi. Kompyuta imeishi katika vinywa vya watu ilhali *tarakilishi* na *ngamizi* zimebaki zaidi katika vitabu vya shule na karatasi za mitihani. Lakini kompyuta ni kitu kinachoonekana mezani. Aliyekigusa hahitaji jina limweleze. Dhana isiyoonekana haina bahati hiyo, na neno refu la kigeni lililovishwa irabu halimwambii mnunuzi lolote. Wengine hupendekeza *usawa wa kibiolojia*. Hili lina kasoro mbili. *Usawa* limekwisha kulemewa na siasa za haki na jinsia, na kwa vyovyote dawa mbili hazidaiwi kuwa sawasawa. Zinadaiwa kukaribiana ndani ya mipaka iliyowekwa. Neno la kukaribiana ndani ya mipaka ni *ulinganifu*. Ama *kibiolojia*, ni kivumishi kinachoweza kuandamana na karibu chochote chenye uhai bila kusema ni kipi hasa kinacholingana.

Pendekezo lililo na nguvu zaidi linatokana na fasili ya dhana yenyewe. Kinachopimwa ni kufika: dawa inafika wapi, kwa kasi gani, kwa kiasi gani. Kitenzi kipo, na kila mtoto anakijua. Kutokana nacho hupatikana *ufikivu wa dawa*, yaani kile kiasi na kasi ya kufika mahali pa kazi. Na kutokana na ufikivu hupatikana *ulinganifu wa ufikivu*. Hivyo ngazi tatu zilizotajwa awali zingepata majina yanayoonyesha undugu wao: *ulinganifu wa viambato*, *ulinganifu wa ufikivu* na *ulinganifu wa tiba*. Kinachobeba dawa kiitwe *kibebeo*. Dawa ya mtengenezaji wa kwanza iitwe *dawa tangulizi*, wala si *dawa asilia*, kwani huko sokoni dawa za asili ni mizizi na majani. *Ghushi* na *bandia* zibaki kwa ajili ya wahalifu. Na *ile ile* ibaki kwa dawa iliyotoka katika kiwanda kile kile, ndani ya tyubu ile ile.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba mama wa Nyamasaria hahitaji istilahi, anahitaji krimu. Pingamizi hili lina sura ya huruma, lakini ndani yake mna dharau. Neno UKIMWI lilipoundwa kutokana na ukosefu wa kinga mwilini, liliingia vijijini pamoja na maelezo yake, na wasiosoma waliweza kubishana juu ya *kinga* kwa sababu neno liliwapa mahali pa kushika. *Dawa za kupunguza makali* halikadhalika: kauli hiyo iliweka wazi kwamba dawa hizo haziponyi, jambo ambalo majina ya kitaalamu yasingelisema. Istilahi nzuri haimwongezei mgonjwa mzigo. Humpa swali la kuuliza. Mama anayejua kwamba kuna kiambato na kuna kibebeo anaweza kuuliza, "Daktari, na kibebeo chake je?" Na muuzaji aliye na maneno anaweza kujibu: "Mama, kiambato ni kimoja na kipimo ni kimoja, ila kibebeo ni kingine. Mpake kidogo, usimpake usoni, na ukiona mabadiliko nirudie." Maelezo hayo hayachukui hata nusu dakika. Kwa sasa hayasemwi kwa kuwa hayana lugha ya kusemwa.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kuamua. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Hata hivyo, aghalabu karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi la krimu huwa kwa Kiingereza, na pengine Kifaransa au Kiarabu kwa ajili ya masoko mengine. Bodi ya Famasia na Sumu inaweza kudai tafsiri ya Kiswahili, lakini itakuwa imedai kisichowezekana iwapo hakuna orodha ya istilahi ambayo wafasiri watakubaliana kuitumia. Tangu mwaka 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na mpango wa kuoanisha usajili wa dawa katika nchi wanachama. Jumuiya hiyo hiyo ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Ni vyombo viwili vya nyumba moja, na mada ya kukutania ndiyo hii.

Misingi ya kujengea ipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, nayo ilikuwa kazi ya miaka mingi na mikono mingi. Udhaifu wa kazi za namna hiyo, na yafaa usemwe kwa heshima, ni kwamba istilahi zilikwenda kwa watumiaji zikiwa zimekwisha kupikwa. Hazikuonjwa kwanza. Tasnifu nyingi za uzamili katika idara za Kiswahili bado huchambua wahusika wa riwaya zile zile zilizochambuliwa jana na juzi. Si vibaya, lakini mtahiniwa mmoja kati ya kumi angeweza kupelekwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kwa idhini ya mwenyewe na ya wanunuzi, akaandike jinsi watu wanavyosema *kali*, *hafifu*, *imelala*, *inakamata*, *inaunguza*. Huenda huko liko neno bora kuliko *ufikivu*.

Huko, pia, atakutana na jambo lisiloweza kurukwa. Kwa wengi wa wanunuzi wa Nyamasaria Kiswahili ni lugha ya pili, na mawazo yao kuhusu tiba yamelelewa katika Dholuo, ambako *yath* ni dawa na *yath* ni mti. Katika lugha iliyoweka mti na dawa katika neno moja, si ajabu tyubu mbili zenye kiambato kimoja kuonekana kuwa matawi ya mti mmoja, na kauli ya "ni ile ile" ikapokewa bila swali. Tofauti ya kiambato na kibebeo italazimika kupitia hapo kabla ya kueleweka. Mtafiti amwombe kila mnunuzi arudie kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Dholuo, alichoelewa baada ya kuambiwa kwamba dawa mbili zina ulinganifu wa ufikivu. Wanafunzi wawili wanatosha kwa kazi hiyo, mmoja wao akiwa mzungumzaji wa Dholuo, na likizo moja ya chuo inawatosha kuianza.